Shingo ya Muhsina

Marhoon bin Bakhit hakuwa daktari, wala hakupata kujiita daktari. Unguja alikuwa dresa wa hospitali, mtu wa kufunga vidonda na kupiga sindano, kwa miaka kumi na minne. Alipofika Maskati mwaka 1964 na mkewe na sanduku moja la bati, watu wa kazi ile mjini walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka uliofuata karani wa wali, mtawala wa mji, alimwita akamsomea barua: ameteuliwa kuwa mkaguzi wa serikali wa majeruhi na maiti.

"Sheikh, mie si daktari," Marhoon alisema.

Karani alimtazama toka kilemba hadi viatu. "Basi tuletee aliye daktari."

Marhoon akaichukua barua.

Mtu akichomwa kisu, akitolewa kisimani, au akifa ghafla watu wakanong'ona, hazikwi mpaka Marhoon amkague. Humkagua, kisha huandika karatasi moja kwa Kiarabu: jina, alama za mwilini, sababu ya kufa. Karatasi ikishafika kwa wali, mambo yamekwisha. Na yote hayo kwa haraka, maana kwa joto la Maskati maiti hawekwi.

Je, maiti wa kike? Barua haikusema. Mwanamume gani wa Maskati, au wa Matrah bandari ya jirani, angekubali dresa wa Unguja amfunue mkewe? Njia Marhoon aliipata nyumbani kwake mwenyewe. Masouda, mkewe, alikuwa muosha maiti, kazi aliyofundishwa na shangazi yake tangu ujana. Basi pazia likatundikwa. Ndani Masouda anaosha, nje Marhoon yuko kwenye kigoda na kalamu yake, anauliza: kichwa? shingo? mbavu? Masouda anajibu, yeye anaandika. Wali aliridhika, na Marhoon akajiona mwerevu kweli kweli. Hakuna aliyekumbuka kwamba muosha maiti naye ana amana yake: aibu aliyoiona mwilini mwa marehemu huzikwa pamoja na marehemu. Mume kateuliwa aseme, mke kafundishwa anyamaze, na wote wawili wametiwa kwenye kazi moja. Ulikuwa upumbavu mtupu, na ulidumu miaka mitatu bila mtu kuuona.

Mwaka 1968 alikufa Muhsina, mke wa Mahfoudh, muuza nguo wa Matrah. Walisema ameanguka ngazini. Marhoon alimkuta Mahfoudh mlangoni analia, watu wamemshika mabega. Ndani, pamoja na Masouda, aliingia mama wa marehemu, Bi Mahbuba.

"Kichwa?" Marhoon aliuliza.

"Kimepasuka nyuma."

"Shingo?"

Maji yalimwagika kidogo, yakanyamaza. "Shingo haina kitu."

"Mgongo?"

"Hauna kitu. Kaanguka, masikini."

Marhoon akaandika hivyo hivyo.

Miezi mitano baadaye Mahfoudh akaleta posa. Alimtaka Hind, mdogo wake Muhsina, msichana wa miaka kumi na sita, ili watoto wa marehemu walelewe na mama yao mdogo. Mji mzima ukasema ni jambo la heri. Siku habari ilipofika, Masouda aliisukuma sahani yake ya wali na papa.

"Marhoon, nna neno. Yule Muhsina hakuanguka. Shingoni alikuwa na alama za vidole, huku vinne, huku kimoja. Na mgongoni makovu ya moto, ya zamani na mapya."

Marhoon aliacha kula. "Nilikuuliza shingo, Masouda! Nilikuuliza kwa mdomo wangu!"

"Uliniuliza. Na mamake kanishika mkono, kanambia, nisitirie mwanangu. Mie muosha maiti, Marhoon. Toka lini muosha akatangaza alichokiona?"

Alimkasirikia mkewe, kisha akajikasirikia mwenyewe zaidi, kwa kuwa jina lililokuwa chini ya karatasi ile lilikuwa lake. Alasiri ile ile akaenda kwa karani akamweleza yote. Karani akaitoa karatasi.

"Mwandiko wako huu?"

"Wangu."

"Umeandika shingo haina kitu. Nani aliyeiona?"

"Mke wangu."

"Na leo nani anasema ina alama?"

"Mke wangu."

Karani akaikunja. "Sheikh Marhoon, kaburi halifukuliwi kwa sababu mkeo kabadili maneno. Rudi nyumbani."

Siku wanawake walipokusanyika kumtia Hind hina, Masouda alivaa buibui lake akaenda, akasimama katikati ya mkeka. "Muhsina nimemuosha mie," alisema, na akaeleza, vidole vinne huku, kimoja huku, na makovu yote, mbele ya wanawake arubaini na Hind mwenyewe. Bi Mahbuba aliinuka akampiga kofi lililosikika uani. Kisha mama yule akakaa chini palepale, akasema harusi hakuna.

Hind alisalimika. Mahfoudh naye hakuguswa, karatasi ilikuwa upande wake. Alikwenda kuoa mbali, ambako hakuna aliyesikia. Masouda hakuitwa tena kuosha maiti. Hata waliomsifu chini chini hawakumwita, kwa maana kila nyumba ina maiti wake na siri zake. Bila yeye pazia halikuwa na kazi, na barua ya uteuzi ikafutwa kwa mstari mmoja wa wino.

Mwanzoni mwa 1970 Masouda akafa kwa kifua. Marhoon alizunguka nyumba tatu za waosha maiti. Mmoja mgonjwa, mmoja kasafiri, na kwa wa tatu Marhoon aliambiwa hayupo, na viatu vyake viko mlangoni. Inauma, jamani. Akarudi, akachemsha maji mwenyewe, kwani sheria inamruhusu mume. Alikuwa anapasua sanda mlango ulipogongwa. Alikuwa Hind, amekunja mikono ya gauni, na nyuma yake Bi Mahbuba kashika karafuu maiti.

"Kaa nje, baba," Hind alisema. "Hii kazi yetu."

Marhoon akakaa kwenye kigoda kile kile, nje ya pazia, mikono mitupu. Hakuuliza chochote. Alisikia maji yanamwagwa taratibu, na sauti ya Bi Mahbuba ikimwomba maiti radhi kwa lile kofi.