Millicent, Mpiga Picha wa Ziwa la Juu

Watu wa vilima vya Homa Bay walimsema Millicent mpaka midomo ikachoka. Ndugu yake Willis alikufa maji katika ziwa lile la juu, na yeye, mwaka haujaisha, akaenda kusimama palepale na kamera shingoni, akipiga picha wageni waliotoka Migori kuja kucheka. Mwanamke gani huyo? Hakuna aliyejisumbua kumuuliza. Kusema ni rahisi zaidi.

Ziwa lenyewe ni zuri, hilo halina ubishi. Maji ya kijani, vilima pande zote. Miaka mitatu iliyopita mtumbwi uliobeba kwaya ya kanisa, wakienda kuimba matangani ng'ambo, ulipinduka. Maiti saba zilipatikana. Ya Willis tu haikuonekana. Baada ya wiki mbili wazee wakafanya kama desturi ya Wajaluo inavyotaka: walichuma tunda la yago, refu na zito, wakalivika shati lake, wakalizika badala ya maiti, nyuma ya nyumba ya mama yake. Basi, yamekwisha. Aliyezikwa hatafutwi tena.

Millicent alishindwa kukubali kwamba ndugu yake ni tunda. Akauza cherehani yake, akanunua kamera na printa ndogo ya betri, apate sababu ya kushinda ufukweni bila kuulizwa. Wageni walitazama kamera. Yeye alikuwa akitazama matete nyuma ya mabega yao.

Februari hii jua likawaka vibaya, maji yakarudi nyuma hatua thelathini. Bwana mmoja wa Migori, Matiko, alisimama kando ya matete na mchumba wake Bhoke. Nyuma ya viatu vya Bhoke, Millicent akaona kanzu ya buluu ya kwaya imetokeza kwenye tope, na ndani yake mifupa.

"Dada, tutabasamu mpaka lini?" Matiko akauliza.

Akabonyeza. Akawachapia picha yao, wakaondoka. Kisha akapiga magoti topeni akalia, na nusu ya kilio kile ilikuwa furaha. Willis alikuwa anarudi nyumbani.

Alimkuta mama yake mlangoni akichambua maharagwe, na baba mdogo Maurice kando yake. Aliwaeleza yote huku akihema. Mama hakuinua macho.

"Mwanangu ana kaburi," alisema.

"Mama, mle kuna yago."

"Kuna Willis. Tulimlilia, tukanyoa nywele. Hicho ulichookota ni cha ziwa."

"Ukizika mtu mara ya pili, unamwita mwingine amfuate kaburini," Maurice akasema. "Unataka tumpe nani? Watoto wawili wa Willis wamelala humo ndani. Chagua."

Millicent akamtazama mama yake, akidhani atasema neno. Mama alipuliza makapi kutoka kwenye ungo.

"Na usiingie hapa na tope hilo," akasema.

Kesho yake naibu wa chifu, aliposikia mifupa imetokeza, alileta vibarua wawili. Walichimba palepale ufukweni, kina cha magoti, wakamtia Willis ndani ya gunia la mahindi. Hakuna aliyeomba. Millicent alianza wimbo, akauacha njiani. Walimwachia kichuguu cha udongo, basi.

Jumapili vijana wa Rangwe wakaja, wamevaa wakapendeza, wakapanda juu ya kile kichuguu.

"Sister, tupige hapa. Hapa ndio view iko poa."

"Sogeeni kushoto kidogo," alisema.

Wakasogea, wakatazama nyuma, wakarudi. "Huko ziwa halionekani vizuri."

Angefanya nini? Akiwafukuza wageni, mwenye ufuko atamfukuza yeye, na Willis atabaki pale na watu wasiomjua. Akaegemeza viwiko mbavuni ili picha isitikisike, akawaambia wasogeleane, watabasamu.