Mwano Kutoka Ndani ya Ngitili

Mama mkwe wangu, Mageni, aliolewa katika nchi yenye kipara. Ilikuwa ng'ambo ya Mhunze, kwa mzee Mwigulu, enzi ambazo miti ilikuwa imekwisha kukatwa, kwanza kwa ajili ya kufukuza mbung'o, halafu kwa ajili ya pamba. Alikuta wanawake wanapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Ugali wa harusi yake, alikuwa akisema, ulinuka zizi.

Mumewe alitaka kulima mpaka ukingoni mwa korongo. Mageni akamwambia, "Nipe mimi upande ule wa korongo, na usiniulize ninapanda nini." Hakupanda kitu. Alizungushia ua wa minyaa na kufukuza mbuzi, basi. Watu walimcheka kwamba mke wa Mwigulu analima majani. Lakini mvua kwa mvua ardhi ile ilitoa ilichokuwa imekificha: migunga kwanza, halafu mikole, myuguyu, mpingo wa hapa na pale, na mkwaju mmoja ambao alidai uliletwa na kinyesi cha nyani. Bwana shamba alipomletea miche ya aina moja iliyonyooka kama askari, aliikataa.

"Msitu hauwi wa ndugu watupu," alimwambia. "Ndugu watupu wakigombana, nani atawaamua?"

Ndivyo alivyopata ngitili yake. Kwa asiye Msukuma, ngitili ni pori la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Likishafungwa, mtu haingii, ng'ombe haingii, hata mwenye nalo haingii, mpaka kiangazi kikali majani ya nje yanapokwisha. Anayekanyaga ndani kabla ya hapo anaitwa mbele ya mkutano wa kijiji na kutozwa. Watu wanapita nje ya minyaa, wanatazama, wanasema imestawi, wanaendelea na safari zao. Hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Mimi niliolewa na mtoto wake wa kwanza, Sostenes. Alikwenda machimboni upande wa Geita akiwa na kifua cha fahali, akarudi anakohoa vumbi, akafa mikononi mwangu. Kabla kaburi halijakauka, mdogo wake, Deusdedit, alikuja kuniambia kwamba sasa mimi ni wake pamoja na ng'ombe. Nilikataa. Akachukua ng'ombe, akachukua nyumba, akaweka godoro langu barabarani. Mageni alikuwa ameketi palepale uani anachambua choroko. Hakuinua uso. Nilimbeba binti yangu Vumilia mgongoni nikaondoka, nikaenda Bugarama, nikaanza kupikia wachimbaji ugali na dagaa. Nimepika huko mpaka Vumilia amekuwa mrefu kuliko mimi, na kila siku nilikuwa namlaani yule bibi kuliko nilivyomlaani mwanawe. Mwanamume mwizi nilikuwa nimeshamwona. Mama anayechambua choroko huku mkwewe anafukuzwa, huyo alinishangaza.

Kwa hiyo mwaka huu, Mwamvua, mama anayezungusha vitenge minadani, alipofika kwenye mgahawa wangu na salamu kutoka kwa Mageni, nilicheka kwanza.

"Anakuita," Mwamvua alisema. "Macho yamefunga kabisa. Anasema anataka kukukabidhi ngitili, wewe na mtoto wa Sostenes, kabla hajafa. Anasema uje mwenyewe akuonyeshe mti kwa mti."

"Kipofu anionyeshe?"

"Ndivyo alivyosema. Mimi nauza vitenge tu, mama."

Nilimwachia Vumilia mgahawa, nikaenda. Sikwenda kwa mapenzi. Nilikwenda kwa sababu ngitili ile ndiyo kitu pekee katika ukoo ule ambacho Deusdedit hakuweza kusema ni cha baba yake. Kijiji kizima kilijua ni ya Mageni. Mwenye ngitili ana mahali pa kurudi. Mimi sikuwa napo.

Nilimkuta juani kwenye kigoda, amekauka kama ngozi ya ngoma.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu kwa Kisukuma, habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka. Huyo ni Klara. Unanuka dagaa."

"Ndiyo iliyonilea, mayu."

Akapapasa fimbo yake akasimama. Hakuuliza habari za safari, hakuuliza habari za Vumilia. "Nishike mkono, twende," akasema.

Deusdedit alitoka nyuma ya nyumba akifunga mkanda. Amenenepa. Alinitazama kuanzia kandambili mpaka kilemba.

"Ohoo, mjane wa Bugarama! Umekuja kunusa kaburi la nani sasa?"

"Shikamoo, shemeji," nilimwambia. Ni mdogo kwangu. Alielewa kwamba namtukana.

"Mayu, ngitili imefungwa," akamgeukia mama yake. "Mvua haijaisha. Unataka tutozwe ng'ombe kwa ajili ya mpishi?"

"Niliyefunga ni mimi."

"Kijiji ndicho kilichofunga! Mayala na walinzi wake wa Sungusungu watasema nini? Subiri kiangazi. Mimi mwenyewe nitakubeba mgongoni."

"Kiangazi nitakuwa nimelala chini ya mawe," Mageni alisema. "Wakinitoza, watoze jeneza."

Akanivuta mkono. Nilimwona Deusdedit jasho limemtoka juu ya mdomo, asubuhi ile ya baridi. Nilidhani ni hasira.

Kwa nje, wallahi, ngitili ilikuwa imependeza kuliko nilivyoiacha. Minyaa imefika juu ya kichwa, na nyuma yake migunga imefungamana myeusi ti, hata jua halipenyi. Yote haya, niliwaza, ni ya mwanangu. Tukainama chini ya miiba kwenye kilango, mimi mbele, yeye amenishika kanga kwa nyuma, tukapenya migunga ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Halafu mwanga ukanipiga usoni.

Nilisimama. Sikuelewa ninachokiona. Ndani hakukuwa na msitu. Kulikuwa na visiki, visiki, visiki mpaka korongoni, na marundo ya matawi yaliyokauka, na majani marefu yaliyoota katikati yake kama nywele kwenye kidonda. Mikole hakuna. Mipingo hakuna. Mkwaju, ule wa nyani, ulikuwa umekatwa na kuachwa umelala ubavu kwa sababu haukunyooka na hakuna aliyeutaka. Kilichobaki kilikuwa duara la miti ya nje tu, ile inayoonwa na wapita njia. Mtu alikuwa ameula msitu kutoka ndani kama mchwa anavyokula mlango, akaacha rangi.

"Klara," Mageni alisema nyuma yangu. "Mbona jua linanichoma? Tumeshatokea upande wa pili?"

Nilikuwa bado nahesabu visiki.

"Tumetoka?"

"Hatujatoka, mayu. Tuko katikati."

"Katikati kuna kivuli," akasema, kwa sauti ya kumrekebisha mtoto.

Akaachia kanga yangu, akaenda mbele mwenyewe na fimbo yake. Fimbo ikagonga kisiki. Akagonga tena pembeni, kisiki kingine. Akachuchumaa na kukipapasa juu, kilivyo laini, bila alama ya shoka, maana shoka lina kelele. Huo ulikuwa msumeno wa watu wawili, unaokata kwa sauti ndogo kama mtu anayekoroma. Akakinusa kiganja chake.

"Mpingo," alisema. Akasogea kwa magoti mpaka kingine. "Mgunga." Kingine. "Huu ni ule wenye mashina mawili, nilikuwa naficha maji chini yake." Alitambaa hivyo, na kanga yake ikanasa kwenye matawi ikachanika, naye hakujua. Nimeona watu wakitolewa mashimoni wamekufa. Sijaona kitu kama yule bibi akitambaa na kuitaja miti yake.

Nilijua miti imekwenda wapi. Pale Bugarama magari hushusha magogo ya kushikilia mashimo yasianguke, wachimbaji wanayaita matimba. Madereva wanakula kwangu. Nimewapakulia wangapi, sijui, huku msitu wa mwanangu umelala kwenye gari nje ya mlango wangu.

"Nani?" Mageni aliuliza.

Nilitazama chini. Kwenye tope lililokauka kuelekea korongoni kulikuwa na kwato za ng'ombe na alama za mkokoteni. Gurudumu moja lilikuwa limechora mstari wa kupinda kama nyoka. Kijiji kizima kinajua mkokoteni wenye gurudumu lililopinda.

"Ni mkokoteni wa Deus, mayu. Gurudumu lake limeandika njia nzima."

Ndege mmoja aliruka kwenye ile miti ya pembeni. Nilijua kitakachofuata: ataniambia nifunge mdomo. Ataniambia ni mwanawe, ndiye anayemlisha, tutoke polepole, nirudi kwa dagaa wangu. Nilikuwa nimeshakaza meno kwa ajili hiyo.

Mageni alisimama, akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwano.

Mwano ni yowe la hatari. Unapigwa ng'ombe wakiibwa au mtu akiuawa, na kila anayeusikia lazima aache jembe akimbilie, awe mkubwa au mdogo. Asiyekwenda anahesabiwa yuko upande wa mwizi. Sikujua kifua kile kikavu kilikuwa bado na sauti ile. Ulitoka mwembamba, mrefu, ukaenda mpaka ng'ambo ya korongo, na huko mwanamke mwingine akaupokea, na mwingine mbele yake.

Wakaja. Tulisikia miguu, filimbi, mbwa. Halafu vyote vikasimama nje ya minyaa.

"Nani anapiga mwano ndani ya ngitili iliyofungwa?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mayala, mkuu wa Sungusungu.

"Mimi Mageni! Ingieni!"

"Imefungwa, mayu! Toka wewe uje utuambie!"

"Mwano haufungwi! Atakayebaki nje nitamtaja jina kwamba ni mwizi!"

Kukawa na minong'ono. Walikuwa wamenaswa kati ya miiko miwili, na mwano ndio mkubwa. Mayala akaingia kwanza na upinde wake, na wengine wakamfuata wakiinama chini ya miiba. Kila aliyetokeza aliganda mahali pake, na wa nyuma wakamgonga mgongoni, mpaka wakajaa pale kwenye jua, wanaume na marungu yao, wanawake na majembe. Loveness, jirani mmoja mwenye mdomo, ndiye aliyeanza kusema.

"Yesu wangu! Kumbe tulikuwa tunalinda ukuta wa choo!"

Hakuna aliyecheka. Mayala alikuwa anazunguka kisiki kimoja kana kwamba atauona mti akikizunguka vizuri. Alikuwa akipita nje ya minyaa ile kila alfajiri na kuisifu mbele ya wageni.

Deusdedit alifika wa mwisho, na rungu mkononi, anahema. Hakuwa na njia. Mwano ulikuwa wa mama yake mzazi.

"Mayu! Nani amekuvamia?"

"Wewe," Mageni alisema.

Alitazama huku na huku, akaona macho, akabadilisha sauti. "Hii ni miti ya baba. Mtu anaiba cha babaye? Na nyie mnaoshangaa, si ndio mlisema mtu asiingie? Nani aliwahi kuingia kuangalia? Hata mmoja!"

Alisema kweli, na ndiyo maana walikasirika hivyo. Wanaume wawili walimshika mikono. Mageni alikuwa amegeuza uso upande wa sauti yake, na machozi yanamtoka kwenye macho yale meupe.

Siku hiyohiyo mkutano ukakaa. Deusdedit akatozwa fahali, na kama ilivyo desturi fahali akachinjwa palepale akaliwa na walioitikia mwano. Ngitili ikatamkwa mbele ya wote kuwa ya Vumilia binti Sostenes, na mimi niishike kwa niaba yake. Mayala alizunguka mpaka wa ngitili pamoja nami, akigusa minyaa kwa fimbo.

"Mpeni visiki vyake," Deusdedit alisema tuliporudi penye moto wa nyama, na waliokuwa wamemlaani asubuhi wakacheka, mdomo umejaa nyama yake. Ndivyo kesi zetu zinavyokwisha. Mwizi analipa nyama, watu wanashiba, anakuwa ndugu tena. Mimi sikula.

Mageni alikula. Alipewa kipande laini cha ini kwa sababu ya meno yake, akakitafuna muda mrefu karibu nami. Nilishindwa kujizuia.

"Mayu, leo umepiga mwano kwa ajili ya miti. Siku ile aliponitupa mimi barabarani, mbona hukupiga?"

Aliacha kutafuna.

"Sostenes alikuwa amekufa," alisema. "Nilikuwa na mtoto mmoja aliyebaki. Nilidhani nikinyamaza atabaki."

Nilingoja aongeze neno. Akaomba maji. Nikampa, kwa sababu mkono wangu ulikuwa karibu na kibuyu.

Usiku nililala kwa Loveness, kwa hasira na kwa hesabu za kurudi Bugarama na basi la kwanza. Nani ana haja na visiki? Asubuhi nilipitia ngitili ili niitazame mara moja tu na kuitemea mate. Kilango kilikuwa wazi, watu wa jana walikivunja walipokuwa wakiingia. Ndani, kwenye majani marefu, mbuzi wa Deusdedit walikuwa wameshajaa. Mmoja alikuwa amesimama juu ya kisiki cha mpingo, anatafuna chipukizi lililotoka ubavuni mwake.

Mzigo wangu uliniponyoka. Niliokota jiwe.

Basi lilipita huko barabarani likipiga honi, nikalisikia. Nilikuwa naburuta matawi ya mgunga kuziba kilango, mikono inanitoka damu, na nilikuwa nawaza nitampigia nani simu amwambie Vumilia aendelee na mgahawa peke yake.