Mama Genoveva Anauza Mume

Fabiola, au Mama Genoveva kwa majirani, alikuwa na kiduka mtaa wa Bagara, mbuzi saba nyuma ya nyumba, na mume asiyekuwa na maneno mengi. Mumewe, Aniceti, alikuwa fundi seremala. Wote wawili walikuwa kwenye kundi la wasap la wafugaji wa mtaa. Fabiola aliandika humo kila siku, kuanzia salamu za asubuhi hadi picha za mbuzi wake. Aniceti alikuwa na miaka miwili humo na hajawahi kuandika hata "asante".

Kundi lenyewe lilianzishwa na Mustapha, muuza dawa za mifugo karibu na stendi. Ukimwambia kuku wako amelala au ng'ombe hali, jibu lake lilikuwa lile lile: "Mpe maji safi kwanza." Watu walilidaka. Mtu akisema pikipiki yake imegoma kuwaka, anaambiwa aipe maji safi kwanza. Mwenyewe Mustapha alikuwa akicheka kuliko wote.

Jumapili moja baada ya ibada, Fabiola, aliyekuwa katibu wa kwaya kanisani, aliamua kuuza dume lake la mbuzi. Akaandika tangazo haraka haraka, akaacha simu kwenye chaji, akaenda shambani kuchuma mboga. Aliporudi alikuta jumbe themanini na tatu. Akapanda juu hadi kwenye tangazo lake mwenyewe, akalisoma. Simu ilikuwa imejichagulia neno, naye hakuangalia.

"Nauza mume," ndivyo lilivyosomeka. "Ni mweupe, ana ndevu nzuri, hachagui chakula. Usipomfunga kamba anazurura kwa majirani. Sababu ya kuuza: nimepata mwingine wa mbegu bora."

"Mama Genoveva, amechanjwa?" Mustapha alikuwa ameuliza.

Naeku, mama aliyehamia mtaa wa jirani wa Maisaka kutoka Simanjiro na mifugo yake, aliandika, "Mimi ninaye wangu ana ndevu pia. Tubadilishane, nikuongezee ndama."

"Kabla hajasafirishwa," mwingine akadakia, "mpe maji safi kwanza."

Fabiola angecheka, kama si jambo moja. Aniceti alikuwa ameshausoma ule ujumbe, alama zilionyesha. Na Aniceti alikuwa mweupe, na alikuwa na ndevu.

Jioni alirudi kutoka karakana, akanawa, akala ugali wake kimya kama kawaida. Fabiola alimwongezea mboga bila kuombwa. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Baba Genoveva, yale ya kwenye kundi..."

"Nimeyaona."

"Nilimaanisha dume. Yule mbuzi."

"Najua," akasema Aniceti. Akainuka, akaenda kufunga banda.

Fabiola aliamka asubuhi moyo ukiwa mzito. Alipofungua duka, simu ikaanza kulia mfululizo. Kundini kulikuwa na ujumbe kutoka kwa Aniceti:

"Mimi ndo mume mwenyewe. Tangazo lina makosa. Kuzurura kwa majirani sio kweri, naenda kutengeneza milango. Chakula nachagua, ugali wa jana sili. Huyo wa mbegu bora aje tumuone."

Watu walipagawa. Mustapha alituma sauti ya kicheko tu, dakika nzima. Naeku akaandika, "Kumbe huyu baba yupo! Miaka yote alikuwa amejificha wapi?"

Fabiola alifunga duka saa tatu asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda karakana. Alimkuta mumewe anapiga randa ubao, simu ikiwa mfukoni mwa shati.

"Kumbe unaweza kuchekesha hivyo," akamwambia, "na umeninyima miaka yote?"

"Huwa nawasoma kila siku," Aniceti akajibu. "Nacheka hapa peke yangu, wateja wanadhani nimechanganyikiwa."

"Sasa kwa nini huandiki?"

Aliendelea na randa kidogo, kisha akaiweka chini. "Shule niliishia darasa la nne. Naandika vibaya, naogopa watu wataona. Lakini jana nikasema, kama katibu wa kwaya anaweza kuuza mume mbele ya watu mia na ishirini, mimi kosa langu nani ataliona?"

Fabiola alitaka kumwambia kwamba ameandika "kweri". Akayameza maneno hayo.

Alhamisi Naeku, ambaye ndiye aliyelinunua lile dume, alikuja kulichukua. Alilikagua meno, akamkagua na Aniceti kutoka kichwani hadi miguuni, akasema anamchukua wa pembe, huyo mwingine amwachie mwenyewe. Aniceti akacheka hadi akashika mlango.

Siku hizi mtu akiuliza kundini namna ya kujenga banda la mbuzi lisiloloa, Aniceti ndiye anayejibu, kwa mistari mirefu isiyo na nukta. Hakuna anayemsahihisha. Na Fabiola akimwita aje ale chakula kingali cha moto, anajibiwa kutoka uani:

"Subiri kidogo, naandika."