Ugali wa Mtaliano

Majuzi nilikuwa Kahama kwa shughuli zangu, nikapita Nyahanga mchana, na harufu ya kitunguu saumu kinachokaangwa ikanisimamisha. Mkahawa wa Mtaliano bado upo, rafiki yangu. Mipapai ya uani imekatwa kupisha magari ya wateja, lakini vitambaa vya mezani ni vilevile, vyeupe, vimepigwa pasi hadi vinataka kusimama vyenyewe. Niliingia, nikaagiza kile tulichokula pale nilipokuwa darasa la pili. Nilishindwa kukimaliza, maana nilishikwa na machozi kama mtoto.

Siku hizo tuliishi Bugarama, jirani na mgodi. Baba alikuwa fundi wa magari makubwa ya kubebea mawe. Mama alikuja kutoka Tukuyu kumfuata dada yake, akaanza kuwapikia vibarua wali na maharage. Baba alianza kama mteja wake, akaishia kuwa mumewe. Walioana hukohuko mgodini, bila ng'ombe, bila mama kupelekwa kijijini akaonwe na mama mkwe. Kwetu Usukumani hilo si jambo dogo. Bibi, mama yake baba, alisema mara moja tu: mwanamke ambaye hakuletwa kwangu, chakula chake sili.

Na bibi akishasema amesema. Kila baada ya mavuno alipanda basi kutoka Shinyanga kuja kutuona, na kapu lake la michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwakatwa na kukaushwa juani. Mama alichinja kuku, alisonga ugali, alipiga magoti na maji ya kunawa. Bibi aliitikia "marahaba" kwa adabu zote, kisha akafungua kapu na kutafuna michembe yake taratibu, huku akinipa habari za ndama waliozaliwa. Mchana mgodi mzima ulilamba vidole kwa chakula cha mama. Jioni alirudi jikoni na sahani ambayo haikuguswa. Niliwahi kumwona akiila mwenyewe, amesimama, ameupa mlango mgongo. Alichotaka mama duniani ni bibi ale kwake, hata tonge moja, na wala hakuwahi kulisema.

Baba, kwa akili zake za kifundi, akatafuta njia ya kuzunguka. Mwaka mmoja bibi akiwa kwetu, alitangaza kwamba Jumapili tunakwenda Kahama kula kwa Mtaliano.

"Mama, kule hapiki mke wangu," alisema. "Anapika mzungu. Na mzungu huna ugomvi naye."

Bibi alifikiri kidogo, akaenda kujifunga kitenge kipya.

Hata wakati ule mkahawa ulikuwa wa siku nyingi. Mtaliano mwenyewe alikuja ujanani kufunga pampu za visima vya misheni, akasahau kurudi kwao. Waliokula pale ni wakubwa wa mgodi, mapadri, na wanunuzi wa dhahabu wenye viatu vya kung'aa. Sisi tuliingia kwa kunyata. Mzee akaja mezani na mvi zake, akainama mbele ya bibi: "Shikamoo, mama." Bibi akamtazama kuanzia juu hadi chini. "Marahaba, ng'wanone." Yaani mwanangu, mzee wa watu ambaye huenda alimzidi umri. Baba akajifanya anasoma orodha ya vyakula.

Alimwomba mzee atuletee anachokipenda yeye mwenyewe. Kila mtu akaletewa sahani yake, na katikati ya kila sahani kulikuwa na kirundo cha njano kinachofuka moshi, mchuzi mzito wa nyama na nyanya juu yake, na jibini iliyokunwa. Bibi akadonoa kwa kidole, akaonja.

"Huu ni ugali," alisema.

"Ndiyo, mama," baba alimjibu. "Ugali wa kwao."

"Ugali wa yanga huu. Ule wa mwaka wa njaa." Yanga ndivyo wazee walivyouita unga wa mahindi ya njano ya msaada, na hakuna aliyeukumbuka kwa mapenzi. "Sisi tuligawiwa bure tukalalamika. Wewe umekuja kuununua."

Hata mama alicheka, akaziba mdomo kwa leso. Ndipo bibi akatazama meza vizuri. Kwao ugali huliwa chombo kimoja. Anayemegea peke yake ama ni mgonjwa, ama ametengwa. Na kutengwa kijijini kwa bibi kuliogopwa kuliko faini ya ng'ombe: husalimiwi, huazimwi moto, hakuna wa kutia mkono penye chakula chako. Mama alikuwa amekaa mwisho wa meza kama alivyozoea bibi anapokuwepo, hajagusa kitu kwa sababu mkwewe alikuwa hajaanza.

Bibi akamnyooshea kidole. "Na huyu mbona kakaa hivyo? Ametengwa?"

Baba alitazama uma wake. Mama alitazama kitambaa. Mimi nilidhani swali likiulizwa linajibiwa, kwa hiyo nikajibu. "Si wewe, bibi, ndiye hutaki kula naye?"

Nilisubiri kofi, halikuja. "Mie nilikataa chakula," bibi alimwambia baba polepole. "Kumtenga mtu sikusema." Kisha akamgeukia mama.

"Mama Minza, sogea huku."

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina langu. Siku zote alimwambia baba "mkeo". Mama akasogea. Bibi akaichukua sahani ya mama, akaumwaga ugali wake juu ya ule wa kwake. Mzee wa Kitaliano, aliyekuwa akituangalia, akaingia jikoni akarudi na ubao mpana na maji ya kunawa, akauweka ubao katikati ya meza, akaumimina ugali wote juu yake.

"Kwa mama yangu tulikula hivi," alisema. "Sahani ni za wageni."

Bibi akanawa, akamega, akalisukuma pande nono la nyama upande wa mama. "Wabeja," mama alisema, asante ya Kisukuma aliyojifunza zamani akakosa wa kumpa. Wanunuzi wa dhahabu walitugeukia, tukaendelea kula. Kesho yake asubuhi bibi aliingia jikoni mwenyewe, akaomba uji.

Yule mzee sasa hayupo, na nyumba yetu ya Bugarama ilishabomolewa. Baba alipata ajali ya kazini nikiwa sijamaliza shule ya msingi, akabaki wa magongo. Lakini nashukuru. Namshukuru baba kwa ujanja wake, na bibi zaidi, kwa kukubali kugeuka katika umri ule, mbele ya watu, kwa neno la mtoto.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Tulifika msibani jioni, mama akitembea nyuma yetu. Wanawake waliokaa mkekani wakainuka, wakawapita shangazi zangu, wakampita baba, wakaenda kumshika mama mikono yote miwili.

"Pole, Mama Minza," walimwambia. "Pole kwa kufiwa na mama yako."