Skii za Kwenda Polepole

Kuna watu wakitaka kitu wanakisema. Paulina si mmoja wao. Paulina akitaka kitu huja saluni kwangu, Joubert Park, Johannesburg, hukaa kwenye kiti, huniambia "nisuke tu, chochote," halafu hunyamaza mpaka nimchokonoe. Basi Juni ile ya mwaka 2005 alipokuja akakaa hivyo, nilijua. Nikamgawa nywele katikati, nikamwambia, "Haya, tema."

"Mama Octavian," akasema, "nataka kununua skii."

"Nini?"

"Zile mbao za kutelezea kwenye theluji. Za kike. Jumamosi unisindikize."

Jamani! Mama mzima, Mchaga wa Kibosho, anayeogopa hata ngazi za umeme pale stesheni, leo anataka kuvaa mbao ateremke mlima. Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Yeye hakucheka. Nikakoma, nikaendelea kusuka.

Mimi na Paulina tunajuana tangu Mazimbu, Morogoro, kwenye kambi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Mimi nilikuwa binti wa palepale, Mluguru. Yeye alitoka Moshi kuja kupika kwenye shule yao. Sote wawili tukaolewa na wakimbizi, na nchi yao ilipokombolewa wakatuleta kwao. Mimi na wangu hatukudumu, tuyaache hayo. Wa Paulina, Thabang, ni mtu mwema, ana kazi yake serikalini na nyumba mtaa wa Turffontein, na wana mtoto mmoja tu, Lerato, aliyefika huku ana miaka minne.

Sasa, Wachaga mnawajua. Desemba ikifika wanahama Dar es Salaam kama wamefukuzwa, mabasi yote yanaelekea Moshi. Mchaga asipoonekana kwao Krismasi, watu huuliza ameua nani. Paulina alikuwa hajaonekana tangu tulipohama. Mara mama mkwe anaumwa, mara pasipoti, mara Thabang hana likizo. Na kule Kibosho mama yake mzazi anazeeka, macho yameingia ukungu, na kila akipigiwa simu neno lake ni hilohilo: "Niletee yule mtoto nimwone, macho yangu hayajazimika."

Mwaka ule Thabang alikuwa amesema sawa, nendeni Desemba, mama na mtoto. Lakini akaweka sharti. "Lerato ana miaka kumi na mitano," alisema, "sitamburuta kama mbuzi. Akubali mwenyewe."

Lerato akakataa.

Msimlaumu, mimi nilishamlaumu kwa niaba yenu nyote. Kiswahili anakielewa, ila hajibu. Mama anasema Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza. Kwenye teksi, ndizo daladala za huku, alikuwa anamkanyaga mama yake mguu ili anyamaze, maana shuleni wakijua mama yako ametoka nchi za huko juu, wewe ni kwerekwere, mgeni wa kudharauliwa, basi, umekwisha. "Nikafanye nini kule?" alimwambia mama yake. "Sina ninayemjua." Bibi aliyembeba mgongoni!

Kitu kimoja tu ndicho kilichomfungua mdomo mtoto yule, nacho ni theluji. Mwaka uliotangulia shule iliwapeleka Lesotho, kule milimani ambako Julai theluji inashuka na pana mahali pa kuteleza. Alirudi hanyamazi. Ndipo baba yake akasema Julai hii twende wote.

"Nimewaza sana," Paulina akaniambia, kichwa chake mikononi mwangu. "Mwanangu nikimwita kwenye yangu hataki. Basi na mimi niende kwenye yake. Niteleze naye taratibu, bega kwa bega. Labda huko atanisikia nikimwambia habari za Desemba."

"Si ukodi hizo mbao? Kila mtu anakodi."

"Cha kukodi kinarudishwa. Akiniona nimekodi atajua nimekuja kutembea tu. Nataka ajue nimekuja kukaa."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Duka lenyewe lilikuwa kaskazini ya mji, kule kwenye kuta ndefu na mbwa wakali. Skii zimesimamishwa ukutani, nyingine zina maua, nyingine zimechorwa miali ya moto. Muuzaji alikuwa mama wa Kizungu wa makamo, miwani kaining'iniza shingoni. Kabla hajatufikia, Paulina alikwishaanza kazi. Anashika jozi, anainyanyua, anapima uzito kwa mkono, anairudisha. Anashika nyingine. Nikaelewa anachofanya, nikataka kuzama ardhini: anachagua skii kama anachagua mkungu wa ndizi sokoni! Kwao mkungu mzito ndio mali, mwepesi ni maganda. Mwisho akakumbatia jozi ndefu, nyeusi, nzito kuliko zote. "Hizi hapa."

Yule mama akatabasamu. "Hizo ni za mwanamume, tena anayekimbia. Ngumu kama mlango. Utateleza wapi, na nani?"

"Na binti yangu. Polepole. Sitaki kumshinda mtu."

"Familia tu, kwa starehe?"

"Ndiyo. Kwa starehe," akasema Paulina, na uso wake hauna starehe hata chembe.

Yule mama akaleta jozi nyingine, nyeupe, akaeleza kwamba hizi ni za kike za mlima mzima: si za mashindano wala za theluji nene ya kuzama, bali za kutembea popote bila haraka. Akaibonyeza moja katikati, ikapinda. "Ngumu inadai mwendo na misuli. Laini inakusamehe ukikosea," akasema. "Na uzito si sifa hapa. Nyepesi ndiyo itakayogeuka unapotaka." Akaisimamisha mbele ya Paulina, ncha ikafika kati ya kidevu na pua. "Hapo hapo. Ikipita kichwa itakushinda wewe unayejifunza. Ikiishia kifuani itakuyumbisha."

Kisha akamkalisha amvishe buti, akasema buti likikosea skii nzuri haina faida. Akamwuliza na kilo zake, maana vile vyuma vinavyobana buti hukazwa kwa uzito wa mtu, ili akianguka mguu uachiwe usivunjike. Paulina akanong'ona kilo zake. Mimi nilisikia, ila sisemi.

"Nikiwa na hizi naweza kusimama nikitaka?"

"Utajifunza. Ndiyo."

"Na mtoto akinitangulia? Nitamfikia?"

Yule mama akavaa miwani yake akamtazama vizuri. "Ana miaka mingapi?"

"Kumi na mitano."

"Hakuna skii itakayomfikia mtoto wa miaka kumi na mitano, mpenzi. Hizi zitakufikisha chini salama. Yeye atakusubiri akitaka."

Paulina akazichukua hizo nyeupe. Njia nzima alizipakata mapajani, ncha imetoka nje ya dirisha la gari.

Julai tukaenda. Na mimi nilikwenda, ningeachaje? Tulitoka Johannesburg alfajiri, tukapita mashamba ya Free State yaliyokauka, tukavuka mpaka, tukapanda milima ya Lesotho mpaka masikio yakaziba. Baridi ya kule haina adabu, inaingia mpaka kwenye meno. Lerato aliposhuka tu akawaona wenzake wa shule. Akamwona na mama yake anashusha skii mpya kwenye gari. "Mama, umenunua?" akauliza kwa Kiingereza chake, akatazama kama wenzake wameona, kisha akaondoka nao. Paulina akabaki ameshika zile mbao.

Asubuhi nzima alianguka. Mwalimu anamwambia akunje magoti, yeye kasimama wima kama bendera. Mimi nilikaa benchi na chai yangu, nikampigia kelele, "Mtaka cha uvunguni sharti ainame!" Akainama, akaanguka kifudifudi. Akaja kukaa karibu yangu, theluji mpaka kwenye nyusi.

"Si mwenda pole hajikwai?" nikamwambia.

"Wahenga hawakuvaa skii," akanijibu, akacheka, na mara machozi. "Umemwona Lerato? Amepita mara ngapi pale, hajageuka hata mara moja."

"Turudi garini."

"Siendi."

Mchana akazipata zile skii. Nasema kweli, akazipata! Ncha mbili akazikutanisha mbele, magoti kayakunja, akawa anashuka kale kamteremko kadogo pole pole mno, na zile skii zikafanya yote yule mama aliyoahidi. Nikasimama kwenye benchi nikapiga vigelegele, Makaburu wakanitazama, eish, wanitazame tu. Basi akajiona, akapanda kwenye mteremko mkubwa. Akafika katikati, chini! Skii moja ikachomoka huko, yeye kakaa huku. Nikaweka chai, nikaanza kupanda kwa miguu pembeni.

Nilikuwa nimekaribia nilipomwona Lerato anatoka juu mbio. Nikasema huyo, anapita tena. Hakupita. Alimzunguka mama yake, akashuka hatua chache chini yake, akafunga breki, theluji ikaruka. Akasimama pale chini, akainua uso kumtazama.

Sikuwahi kuuona uso wa Paulina vile. Kwao Kibosho, nilielezwa baadaye, hakuna njia tambarare. Kila njia ina upande wa juu, wa kilele cha Kibo, na upande wa chini. Ukikutana na mkubwa wako, wewe mdogo unashuka upande wa chini, yeye unamwachia wa juu, kwa kuwa baraka hutoka huko. Mtoto asiyefanya hivyo watu huuliza kama ana wazazi. Turffontein ni tambarare tupu. Paulina hakuwahi hata kumfundisha.

"Nani kakufundisha kusimama hapo?" akamwuliza kwa Kiswahili.

"Mwalimu," Lerato akajibu kwa Kiingereza. "Ni sheria. Ukimfikia mtu unasimama chini yake. Ukisimama juu unaweza kumtelezea ukamwumiza."

Mtoto yule! Nilitamani kumfinya. Angenyamaza tu, ingemgharimu nini? Lakini Paulina alikuwa anacheka na kulia pamoja, anafuta kamasi kwa glavu. "Hata kwetu ni sheria," akasema. Na pale pale kwenye theluji, matako yake yanaloa, akamweleza. Lerato alikuwa amepiga goti anamfunga ile skii, hakuwa na pa kukimbilia. Akasikiliza.

"Kwa hiyo kwa bibi watoto wote wanasimama hivi?" akauliza.

"Wote. Mimi nilimsimamia mama yangu hivyo. Nilipoondoka, mara ya mwisho, nilisimama hivyo." Akavuta pumzi. "Lerato, mama yangu macho yanazimika. Desemba twende."

Mtoto akakung'uta theluji kwenye buti la mama yake, akaikung'uta hata pale ambapo haikuwepo.

"Sharp," akasema, ndiyo "sawa" ya vijana wa huku. "Lakini wewe ndiye utakayeongea."

Wakashuka. Lerato anatangulia kidogo, anasubiri, anatangulia, anasubiri. Mimi wakaniacha mlimani kama mzigo, hawakunikumbuka mpaka Thabang alipouliza niko wapi.

Septemba Polycarp, kaka yake Paulina, akapiga simu kutoka Kibosho. Macho ya mama yamezimika kabisa. Na kumbukumbu nayo, leo ipo, kesho haipo. Paulina alikuja saluni, safari hii hata hakusema nimsuke. "Aliniomba amwone," akasema. "Amwone! Nilikuwa wapi mimi miaka yote hii? Na Lerato nikimwambia atasema basi, kuna haja gani tena."

Nikamwambia amwambie tu, mtoto si mjinga. Akamwambia. Lerato akamjibu, "Si tulisema tunakwenda?" Akarudi kwenye vitabu vyake.

Wakaenda. Siku mbili kabla ya Krismasi, saluni imejaa mpaka mlangoni, simu yangu ikalia. Namba ya Tanzania. Nikamwacha mteja nusu kichwa.

"Mmefika? Mama hajambo? Amemshika mjukuu wake?"

Nikasikia kuku, na mtu anapasua kuni.

"Tulifika jana mchana," Paulina akasema. "Mama alikuwa amekaa kitandani. Tangu macho yazime, kila anayeingia, Mama anamsemesha Kiswahili kwanza badala ya Kichaga, maana hajui kama ni mgeni. Nikamsukuma Lerato mbele, maana ndiye aliyeombwa. Akapiga magoti. Mama akaushika uso wake, paji, pua, kidevu, akarudia tena kutoka juu. Halafu akaanza kulia. Akasema, 'Paulina. Mbona umekawia hivi, mwanangu?'"

Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

"Ukamwambiaje?"

"Nilifungua mdomo. Lerato akaniwahi. Kwa Kiswahili, shoga, hata sijui alikitoa wapi. Akasema, 'Nimerudi, Mama.' Mama akamvuta kifuani akamfunika na khanga yake, akawa anambembeleza, pole na safari, pole na baridi ya kwa watu, sasa umefika, usiondoke tena."

"Na wewe je?"

"Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni," akasema Paulina. "Nikaangalia ninavyopokewa."