Chauffage Ambayo Muyisa Hakuing'oa

Anayedhani Kongo nzima ni nchi ya joto hajaamka alfajiri Butembo. Huko juu milimani baridi ya asubuhi inauma, na mtoto aliyenawa maji ya pipa anaijua kuliko mtu mzima yeyote. Rébecca alipokuwa mtoto wa namna hiyo, baba yake, Muyisa, fundi wa magari wa mtaa wa Vulamba, ndiyo kwanza alikuwa amenunua gari la Kijapani la milango miwili, jekundu, lililokaa chini mno kwa barabara zetu. Watu wa mtaa waliliita coupé, wakacheka, wakazoea. Mkewe Florentine alilizunguka mara moja tu, akauliza kama yeye atafungwa juu ya paa.

Kila asubuhi kabla ya shule Muyisa aliwasha ile coupé, akamkalisha binti yake kiti cha mbele, akamvua viatu na kufungulia kipasha joto, ambacho kwetu kila mtu anakiita chauffage. Hewa ya moto ikatoka chini ya dashibodi. Rébecca akanyoosha vidole vya miguu, akafumba macho. Hakuna aliyeruhusiwa kumharakisha, hata mama yake aliyesimama mlangoni na mkoba mkononi. Akiisha kuridhika alisema mwenyewe, "Papa, miguu imepata moto." Hapo ndipo Muyisa alipomfungulia mlango, naye akaondoka mbio bila kugeuka. Muyisa alibaki garini kidogo, akiutazama mkoba ukirukaruka mgongoni. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi, na hakuwa fundi wa kuficha jambo kama hilo.

Miaka ikapita. Rébecca akasoma, akapata kazi ya kufundisha Beni, akahama. Nyumba ikapwaya. Baba mtu, kwa kukosa wa kumpasha miguu, akaanza kuichezea coupé.

"Hewa ya huku juu ni kidogo," alimweleza kila aliyesimama gerejini. "Moteri inakosa pumzi." Basi akaitafutia turbo, kile kipulizio kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe na kuishindilia hewa kwa nguvu. Iliyofungwa kwenye coupé ilitoka Kampala ndani ya gunia la nguo kuukuu. Siku ilipowashwa mara ya kwanza, gari lilipanda mlima wa Vulamba hadi kuku wa jirani wakaacha punje zao.

Ila turbo ni moto mtupu. Bomba la moshi liliiva likawa jekundu, nyaya zilizopita karibu nalo zikayeyuka, betri ikavimba. Muyisa akaanza vita na joto. Bomba akalizungushia utepe wa nyuzi za kioo. Akafunga rejeta nene iliyotoka kwenye gari kubwa, akatoboa boneti ili joto lipate pa kutokea. Kati ya turbo na nyaya aliweka ngao ya bati aliyoikata mwenyewe, tena vizuri sana. Florentine alipokosa sufuria yake kubwa siku ya wageni, alikwenda moja kwa moja gerejini, akainua boneti, akaitambua kwa vishikio vyake. Hakumsemesha mumewe mpaka walipotoka misa ya Jumapili.

Jéthro, rafiki yake waliyegawana naye gereji, alikuwa na ushauri mmoja asiochoka kuurudia.

"Toa ile chauffage. Mipira yake iko napita karibu na turbo, itaungua. Gari ya mbio iko na kazi gani na chauffage?"

"Acha ikae."

"Juu ya nini?"

"Acha tu, Jéthro."

Kisu kimoja kingetosha kuikata mipira ile ya maji. Muyisa aliinama badala yake, akaizungusha upande wa pili wa injini, akaifunga pole pole, huku Jéthro akitikisa kichwa. Alikuwa na sababu yake, lakini aliona aibu kuitamka mbele ya mwanamume mwenzake.

Kisha Rébecca akapata mchumba. Aliitwa Cyrille, mwalimu mwenzake, mtu wa Kisangani aliyepelekwa Beni na serikali. Ndugu zake walikuwa mbali, kwa hiyo aliyekuja kumsemea ni baba yake mdogo Roger, afisa wa jeshi, mtu mwema mwenye sauti kubwa na jeep mpya nyeupe. Mahari ilipokwisha kusemwa, Roger akamgeukia Muyisa, akimwita mkwe kwa Kilingala, akatoa zawadi yake.

"Bokilo, jeep yangu iko na clim, hewa baridi muzuri. Bibi arusi tutamubeba ndani yake, tranquille, bila jasho."

"Merci, bokilo," Muyisa akajibu. "Lakini mwana yangu nitamupeleka miye mwenyewe. Na coupé."

Rébecca, aliyekuwa akimimina chai, akainamisha kichwa na kutabasamu. Tangu utotoni alikuwa akisema ataolewa akitoka kwenye gari lile. Wazee wakakubaliana kwamba jeep itafuata nyuma, kama kitu kitatokea. Maneno hayo yalimchoma Muyisa. Ilikuwa safari yake ya mwisho na binti yake akiwa bado wa nyumbani mwake, na hakutaka kumgawia mtu.

Wiki ya harusi alilijaribu gari. Alilipeleka mpaka Kalunguta kwenye barabara ya Beni, akalirudisha kwa kasi, na mshale wa joto haukuinuka hata kidogo, maana upepo wa mbele uliipoza rejeta. Akarudi akipiga mluzi.

"Umeenda mbio?" Jéthro akamuuliza.

"Sana!"

"Na fanfare itaenda mbio?"

Muyisa akafungua boneti upya. Ukoo wao hauozi binti bila fanfare, na wapiga tarumbeta huenda kwa miguu mbele ya gari la bibi harusi, kutoka nyumbani mpaka kanisani, wakipanda mlima. Alikuwa amelipima gari kwa kasi, akasahau kulipima kwa upole. Aliongeza feni ya pili mbele ya rejeta, lakini moyo wake haukutulia.

Siku ikafika. Gauni la Rébecca lilijaza kiti chote na kumwagika juu ya gia. Fanfare ikaanza, pikipiki zikapiga honi, jeep ya Roger ikakaa nyuma yao na Florentine ndani. Walikuwa hawajafika nusu ya mlima mshale ulipoanza kupanda. Muyisa aliutazama kwa pembe ya jicho. Harufu ya chuma cha moto ikaingia. Gari likichemka hapa, mlango wa jeep utafunguliwa, na mwanawe atashuka mbele ya mji mzima akamalizie njia na mtu mwingine.

Dawa moja aliijua. Chauffage huchukua maji ya moto ya injini na kulipulizia joto lake ndani ya gari, injini ikapata nafuu, na waliomo ndani wakaiva. Akatazama zile nywele zilizosukwa kwa uvumilivu, ile poda, lile gauni jeupe. Akaiacha imefungwa vilevile.

"Bokilo!" Roger akapaza sauti nyuma. "Ile moshi iko natoka wapi?"

Rébecca hakuwa amekulia gerejini bure. Aliutazama mshale, akamtazama baba yake.

"Papa, fungula chauffage."

"Hapana, mwana yangu. Utachemuka. Na ile nguo?"

"Nguo itakauka. Fungula."

Muyisa hakujongea, basi Rébecca akazungusha swichi yake mwenyewe mpaka mwisho. Hewa ya moto ikawapiga. Rébecca akashusha kioo, akavua viatu, akakusanya gauni magotini, akanyoosha miguu chini ya dashibodi palepale pa zamani. Jasho likawatoka wote wawili. Mshale ukasimama, ukasitasita, kisha ukaanza kushuka. Poda ikatiririka, akaanza kucheka, na baba yake akacheka mpaka machozi.

"Jéthro alikuambiaka uitoe."

"Mara mingi."

"Na haukuitoa juu ya nini?"

Muyisa alishika usukani kwa nguvu. "Nilisema, pengine siku moja utarudia nyumbani, na itakuwa asubuhi, na baridi."

Rébecca aliweka mkono wake juu ya mkono wa baba yake, kwenye gia, na hivyo ndivyo walivyofika kanisani.

Florentine alishuka mbio kwenye jeep, akaona uso wa bibi harusi, akashika kichwa. "Papa Rébecca! Umenipikia mutoto!" Akaanza kumfuta kwa kitambaa kupitia dirishani. Cyrille alisimama mlangoni mwa kanisa akitabasamu asijue kilichotokea.

Muyisa hakuzima injini. "Turbo hawaizimake mara moja," akawaambia watu. "Inaomba kupoa kidogo." Ilikuwa kweli, kila fundi anajua. Wakangoja. Mshale ukarudi mahali pake. Jéthro, aliyekuwa kati ya watu, akakohoa na kutazama pembeni. Muyisa bado alikuwa ameshika usukani, macho mbele, injini ikinguruma taratibu.

Rébecca akavaa viatu vyake, kimoja, kisha cha pili.

"Papa," akasema kwa sauti ndogo, "miguu imepata moto."

Muyisa akazima injini, akashuka, akazunguka kwenda kumfungulia mlango.