Yaya wa Seli Zisizolia

Saa moja asubuhi anavaa glavu, anajipulizia spiriti hadi kwenye viwiko, kisha anafungua kabati la joto taratibu, kama mtu anayemchungulia mtoto aliyelala. Ndani zimepangwa chupa bapa zenye maji ya rangi ya waridi. Humo mna seli hai za binadamu, nyingine nzima, nyingine za saratani.

Maabara yote inamwita Yaya. Kazi yake ni kuzilisha na kuzikuza hadi watafiti wazihitaji.

“Seli hazina Jumapili,” anasema. “Ukizisahau leo, kesho unazika.”

Watafiti hao wanahangaika na jambo moja. Mionzi huua saratani, lakini huunguza na jirani asiye na kosa. Je, seli za saratani zikimezeshwa chembechembe za dhahabu, ndogo mno hata hadubini ya kawaida haizioni, mionzi haitazielemea zaidi hizo? Dhahabu hunasa mionzi na kumwaga nguvu yake palepale ilipo, na hizi za saratani, kwa ulafi wao, huimeza kwa wingi.

Kwa Yaya, hayo si ya vitabuni. Mdogo wake, mshonaji wa nguo, anatibiwa kwa mionzi saratani ya titi. Ngozi ya kifua imeungua hadi hawezi kuvaa gauni alilojishonea mwenyewe. Kila jioni Yaya humpaka dawa, naye mdogo mtu humtania dada yake kwamba ana mikono ya kukanda unga.

Maabara ina sheria: seli nzima huhudumiwa kwanza, za saratani mwisho, na kila aina ina chupa yake ya chakula. Mwaka jana, Yaya akiwa katikati ya kazi, alipigiwa simu kwamba mdogo wake amezirai hospitalini. Haraka haraka haina baraka. Alianza na za saratani, kisha akachota chakula kutoka chupa ileile, akazilisha nzima.

Tone moja lenye seli za saratani, lililoingia kwenye chupa ya chakula, lilitosha. Seli za saratani huzaana upesi, na baada ya wiki chache zilikuwa zimewafukuza wenye nyumba.

Jaribio lilipofanyika, seli za chupa zote ziliteketea, hata zile zilizodhaniwa nzima. Watafiti wakaona dhahabu ni sumu tu, wakaanza kuzungumzia kuufunga mradi. Hapo ndipo Yaya alipoikumbuka simu ile, akaenda kwa mtafiti mkuu na kukiri kosa lake.

“Nilijua naweza kufukuzwa,” anasema. “Lakini ningenyamaza, ningekuwa nimemfungia mdogo wangu mlango kwa mkono wangu mwenyewe.”

Mkuu akaagiza chupa zipimwe. Ilikuwa kweli. Wakaanza upya.

Miezi baadaye walimwita achungulie hadubini. Katika chupa moja, seli za saratani zilikuwa zimejikunja na kupasuka. Katika nyingine, seli nzima zilizopewa dhahabu ileile na mionzi ileile zilikuwa zimeyumba, baadhi zimekufa, lakini nyingi zilikuwa zikijiganga na kugawanyika tena.

“Nililia palepale,” Yaya anasema. “Kitu hukioni kwa macho, halafu kinajua kujishona.”

Anajua pia kwamba chupa si mwili. Kutoka hapo hadi wodini ni safari ya miaka, na huenda wasifike. Mdogo wake alimuuliza bila kuzunguka: “Dada, mimi nitaiwahi?”

Yaya akamwambia hapana.

Mdogo mtu aliendelea kupinda pindo la sketi ya mteja. Wiki iliyofuata alijiandikisha mwenyewe, pamoja na wagonjwa wengine, kutoa kipande kidogo cha uvimbe na cha ngozi nzima kwa majaribio yajayo. Vitaletwa mwezi ujao vikiwa na namba tu, na Yaya haruhusiwi kujua kipi ni cha nani.

Yaya ameshazisafishia rafu seli zitakazotokana navyo.

“Sitajua zipi ni zake,” anasema. “Basi zote nitazilea kama ndugu yangu.”